Mlima au Mtu? Mbio za Mexico City za 1968 na Mjadala wa Hewa Nyepesi

Mimi ni mtu wa Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, na kwa sababu hiyo nimedhaniwa kuwa mkimbiaji tangu siku niliyofika shule ya bweni karibu na Kampala. Mwalimu wa michezo alisoma wilaya yangu kwenye orodha, akaniandika katika timu ya mita 5,000 kabla hata hajaniona nikitembea. Katika mashindano ya kwanza tulikuwa wakimbiaji kumi na wanne, nami nilimaliza wa kumi na mbili. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa gunia la kahawa akakuta limejaa mawe. Hakuwa ameniuliza kama nimewahi kukimbia. Sikuwahi. Nyumbani mimi nilikuwa wa vitabu. Aliyekimbia alikuwa mdogo wangu wa kike.

Yeye naye alipatwa na la kwake. Miaka miwili baadaye alishinda mbio za mita 1,500 kwenye mashindano ya shule, na kocha wa shule nyingine akalalamika mbele ya watu kwamba watoto wa mlimani wangepaswa kukimbia peke yao, kwa kuwa wana mapafu ambayo wengine hawana. Watu walicheka. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kwa mwaka mzima, na sasa aliambiwa kwamba aliyeshinda ni mlima.

Visa hivyo viwili ndivyo vilivyonifanya nichague mada hii. Katika insha hii nachunguza yale ambayo wataalamu na waandishi wamesema kwa miaka zaidi ya mia moja juu ya mwili wa binadamu unaofanya kazi ngumu mahali pa juu, na kielelezo changu kikuu ni Michezo ya Olimpiki ya Mexico City ya mwaka 1968. Hoja yangu naiweka mapema. Hewa nyepesi hubadili mwili kweli, na mabadiliko hayo hupimika. Lakini mara mbili katika historia hii mlima umepewa sifa au lawama iliyowahusu watu. Kwanza ilisemwa kwamba mlima huwadhoofisha wakazi wake. Baadaye ilisemwa kwamba mlima huwakimbilia.

Kabla ya historia, ni lazima nieleze jambo lenyewe. Wengi wetu tulifundishwa kwamba juu mlimani oksijeni ni chache, tukaelewa kwamba sehemu yake katika hewa hupungua. Sivyo. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa kule Mombasa, Kapchorwa, na hata juu ya Everest. Kinachopungua ni shinikizo la hewa. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hapo shinikizo ni kama robo tatu tu ya lile la pwani. Kila pumzi huingiza hewa ya ujazo uleule, lakini chembe za oksijeni ndani yake zimepungua kwa robo hivi, na nguvu ya kuzisukuma kutoka mapafuni kuingia kwenye damu imepungua pia.

Mwili hujibu mara moja. Kuna vipimo vidogo vya asili kwenye mishipa ya shingo ambavyo hutambua kwamba oksijeni ya damu imeshuka, na mtu huanza kupumua haraka na kwa kina bila kuamua. Moyo nao huongeza mapigo. Kupumua kwa kasi kuna gharama yake: kaboni dioksidi hutoka kwa wingi kupita kiasi, damu hupoteza asidi, na figo huhitaji siku kadhaa kurekebisha hali hiyo kwa kutoa magadi ya mwilini kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana mgeni wa milimani hukojoa sana, hulala vibaya na huumwa kichwa. Katika siku hizo za mwanzo maji ya damu pia hupungua, kwa hiyo damu huwa nzito kabla hata ya chembe mpya kutengenezwa.

Chembe zenyewe huja baadaye. Ndani ya saa chache figo huanza kutoa homoni iitwayo eritropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Amri ni ya haraka, lakini utekelezaji huchukua majuma. Mkimbiaji wa pwani akishafika mahali kama Mexico City, uwezo wake wa juu kabisa wa kutumia oksijeni hushuka kwa asilimia 10 au zaidi, na mazoezi ya majuma matatu au manne humrudishia sehemu tu ya alichopoteza. Aliyekulia huko ana zaidi ya hapo: kifua na mapafu yaliyokua tangu utotoni katika hewa hiyo, na mwili uliokwisha kujipanga.

Ugunduzi wa chembe hizo ulifanyika Peru. Mwaka 1890 Mfaransa François-Gilbert Viault alipanda kutoka Lima hadi machimbo ya Morococha, zaidi ya mita 4,000, akahesabu chembe katika damu yake mwenyewe. Katika majuma machache zilipanda kutoka milioni 5 hivi kwa kila milimita moja ya ujazo hadi zaidi ya milioni 7. Napenda kisa hiki kwa sababu mtafiti alijipima mwenyewe kabla ya kuwasema wengine.

Mwingereza Joseph Barcroft hakuwa mwangalifu hivyo. Alikuwa mtafiti mkubwa wa damu, na kati ya 1921 na 1922 aliongoza msafara hadi Cerro de Pasco, mji wa machimbo ulio kiasi cha mita 4,300. Aliugua njiani, kama wageni wengi. Katika kitabu alichotoa mwaka 1925 aliandika kwamba watu wanaoishi juu hivyo, hata waliozoea, wamepungukiwa nguvu za mwili na za akili. Aliandika hivyo juu ya nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakipandisha mizigo mizito ya mawe ya madini kutoka chini ya ardhi, katika hewa iliyomfanya yeye alale kitandani.

Daktari wa Peru, Carlos Monge Medrano, alilichukulia neno hilo kama tusi la kisayansi, na kwa maoni yangu alikuwa na haki. Mwaka 1927 aliongoza msafara wa Waperu wenyewe kwenda La Oroya kuwapima watu wa Andes kazini. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu wa Andes asipimwe kama mtu wa pwani aliyeharibika. Ana mwili wake kamili, unaofaa mahali pake. Nampa Monge heshima zaidi kwa sababu hakuugeuza mlima kuwa mungu. Ni yeye huyohuyo aliyeeleza, mwaka 1925, ugonjwa ambao leo una jina lake: baadhi ya wakazi wa juu sana hutengeneza chembe nyekundu kupita kiasi hadi damu inakuwa nzito, midomo inageuka rangi ya zambarau, na nafuu hupatikana kwa kushuka bondeni. Kuzoea kuna mpaka, na mwili unaweza kuuvuka.

Basi hali ilikuwa hiyo mwaka 1963, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoipa Mexico City michezo ya 1968. Kelele zilianza mara moja. Wapo waliotabiri kwamba wakimbiaji wangekufa uwanjani. Meksiko iliandaa mashindano ya majaribio kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1965, ili wageni waje wajipime. Ufaransa ilijenga kituo cha mazoezi Font-Romeu katika milima ya Pyrenees; Wamarekani walikata uwanja wa mbio katikati ya misonobari karibu na Ziwa Tahoe, kwenye mwinuko unaolingana na wa Mexico City; Umoja wa Kisovieti ulitumia milima ya Armenia. Kamati ya Olimpiki ilijaribu kuweka kikomo cha muda wa mazoezi ya mahali pa juu ili nchi tajiri zisipate upendeleo. Nilipokisoma kikomo hicho nilicheka peke yangu maktabani: mtu aliyezaliwa Nandi atawekewaje kikomo cha majuma ya kukaa kwao?

Tarehe 13 Oktoba 1968 zilikimbiwa mita 10,000. Ron Clarke wa Australia alikuwa na rekodi ya dunia ya dakika 27 na sekunde 39.4. Naftali Temu, askari wa jeshi la Kenya, alishinda kwa dakika 29 na sekunde 27.4, nyuma yake Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Tazama muda huo: mshindi alikuwa nyuma ya rekodi kwa karibu dakika mbili. Hewa iliwatoza kodi wote, na Temu hakusamehewa. Clarke alimaliza wa sita, akaanguka na kupoteza fahamu, akapewa oksijeni.

Babu yangu alikuwa kijana wakati huo, na anasema habari ziliwafikia kwa redio ya mwenye duka. Majina ya mabondia wetu, Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo, yaliwafurahisha, maana ndio walioiletea Uganda medali zake za kwanza za Olimpiki. Lakini jina lililowafanya watu wa mlima wetu wasimame lilikuwa la Kipchoge Keino, Mnandi, mtu ambaye lugha yake ni jirani ya Kupsabiny yetu. “Huyu ni wa kwetu,” walisema, mpaka wa kikoloni wakausahau kwa siku moja.

Keino alikimbia akiwa mgonjwa wa nyongo. Katika mita 10,000 maumivu yalimtoa nje ya njia zikiwa zimesalia raundi chache. Siku nne baadaye alipata fedha katika mita 5,000, sekunde 0.2 nyuma ya Gammoudi. Kisha, tarehe 20 Oktoba, fainali ya mita 1,500 dhidi ya Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia. Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo.

Ryun alikuwa na umaliziaji ambao hakuna aliyeweza kuujibu. Hesabu ya kawaida kwa mita 2,240 ilikuwa kwamba mbio zingekwenda polepole, kwa sababu anayeanza kwa kasi katika hewa nyepesi huingia kwenye deni la oksijeni ambalo hawezi kulilipa. Ben Jipcho, Mkenya mwenzake Keino, alivunja hesabu hiyo. Aliongoza raundi ya kwanza kwa kasi ya sekunde 56 hivi, akijua kwamba anajitoa sadaka. Keino akachukua uongozi, akaongeza mwanya, na Ryun alipoanza kukimbia kwa nguvu pengo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Keino: dakika 3 na sekunde 34.9, rekodi ya Olimpiki iliyodumu hadi 1984. Ryun: 3:37.8. Huo ulikuwa mpango wa watu wawili waliofahamu mwili wao ungevumilia nini, na mwili wa mpinzani wao ungeshindwa wapi. Hewa ilikuwa silaha, nakubali. Lakini silaha haijipangi yenyewe.

Maelezo yaliyoenea baada ya mashindano yalikuwa mafupi zaidi: ni mwinuko. Nami sitaki kujidanganya kwa sababu nawapenda wahusika. Kuanzia mita 1,500 hadi marathoni kulikuwa na medali tano za dhahabu kwa wanaume, na nne zilikwenda kwa wana wa nyanda za juu: Keino, Temu, Wolde, na Amos Biwott aliyeshinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Miaka minne baadaye Munich, mji ulio chini ya mita 600, Keino ndiye pekee kati ya wana wa nyanda hizo aliyepata dhahabu katika mbio hizo tano. Mwanafunzi wa historia akiuficha ukweli huo, hastahili alama.

Lakini ushahidi mwingine nao usifichwe. Keino alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 na ya mita 5,000 mwaka 1965, huko Uswidi na New Zealand, usawa wa bahari. Temu alimshinda Clarke katika maili sita huko Kingston, Jamaika, mwaka 1966, kwenye joto la pwani. Hao hawakuzaliwa Oktoba 1968. Na ndani ya Mexico City kwenyewe, marathoni, mbio ambazo hewa ingepaswa kuamua zaidi kuliko zote, ilimpa Wolde dhahabu, kisha Kenji Kimihara wa Japani fedha, na Mike Ryan wa New Zealand shaba. Wenyeji waliolala katika hewa hiyo maisha yao yote hawakushinda mbio hata moja. Juan Martínez wa Meksiko alikuwa wa nne katika mita 5,000 na mita 10,000. John Stephen Akhwari, mtoto wa nyanda za juu za Mbulu, Tanzania, alikazwa na misuli, akaanguka, akaumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mguu ukiwa umefungwa bendeji. Kama mlima ungekuwa unakimbia, ungemkimbilia na yeye.

Jambo moja limenisumbua nilipokuwa nikisoma. Hewa nyepesi huwasaidia wakimbiaji wa masafa mafupi na warukaji, kwa kuwa huwazuia kidogo. Bob Beamon aliruka mita 8.90 kwenye michezo hiyohiyo, sentimita 55 zaidi ya rekodi, na Lee Evans alikimbia mita 400 kwa sekunde 43.86. Wapo waliotaja hewa, lakini Beamon alibaki Beamon. Mruko ule unakumbukwa kwa jina lake. Ushindi wa Wakenya na Waethiopia ndio ulioandikwa kwa jina la mwinuko.

Jibu la Munich lilichelewa, kwa sababu Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980. Lilikuja Seoul mwaka 1988, mji usio na mlima wa kusingiziwa: Paul Ereng mita 800, Peter Rono mita 1,500, John Ngugi mita 5,000, Julius Kariuki viunzi na maji, dhahabu nne za mbio kwa Kenya. Hapo maelezo yalilazimika kubadilika. Ilisemwa sasa kwamba wanakuja na mlima ndani ya damu.

Hili lina kweli yake. Mwaka 1997 Wamarekani Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walitoa utafiti wa wakimbiaji 39. Waliolala mita 2,500 na kufanya mazoezi makali mita 1,250 walikimbia vizuri zaidi waliposhuka usawa wa bahari, kwa kuwa walipata chembe za juu bila kupoteza kasi ya chini. Tangu hapo wanariadha wa nchi tajiri hulala kwenye mahema yanayopunguza oksijeni, au huja Iten kwa majuma. Mlima sasa unakodishwa. Lakini mtafiti wa Skandinavia Bengt Saltin, alipowapima Wakenya na Waskandinavia katika miaka ya 1990, alikuta kwamba uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukutofautiana sana. Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ileile. Hayo hutokana na umbo la mguu, na kilomita nyingi za tangu utotoni, na wenzako wanaokungoja barabarani kabla ya jua. Bolivia ina mji wa La Paz, zaidi ya mita 3,600, na haijawahi kupata medali yoyote ya Olimpiki.

Likizo iliyopita mdogo wangu alirudi nyumbani baada ya muhula mzima Kampala, mita 1,200. Asubuhi ya kwanza tulipanda pamoja njia ya kwenda kwa shangazi, juu zaidi ya nyumbani kwetu. Katikati ya mlima alisimama, mikono magotini, akahema kama mgeni. Nilimweleza nilichosoma: kwamba mtu akishuka, homoni ile hupungua, mwili huanza kuziondoa chembe za ziada, na aliyezaliwa mlimani naye huanza kuzoea upya. Akasema, “Kaka, niache nipumue.”

Siku ya nane alifika kwa shangazi bila kusimama. Mimi nilikuwa bado chini kwenye migomba.